Maji Yamezidi Unga

Chupa ilikaa mezani siku tatu, na kwa siku tatu Donatille Nishimwe alikaa mbele yake amekunja mikono. Jumatano asubuhi Chef Florent aliisogeza kwa kidole kimoja mpaka ikafika ukingoni mwa meza, karibu kabisa na kifua cha msichana, kama mtu anayembembeleza mgonjwa ale.

"Mademoiselle Nishimwe, inabakia siku kumi na mbili, défense yako ifike. Solvant njo hii. Protocole njo ile kwa ukuta. Unangojea nini?"

"Nangojea hotte itumike, Chef."

Hapo wote wawili waligeuka kuitazama hotte. Hilo ni kabati lenye feni ya kufyonza hewa yenye sumu na kuitupa nje, na maabara ya kemia isiyo nalo haistahili kuitwa maabara. Institut yao katika mtaa wa Katoyi, Goma, ilikuwa nalo, ndiyo, na wageni walionyeshwa kwa mbali. Feni yake ilikufa kabla Donatille hajaandikishwa. Ndani mlikaa mafagio mawili na ndoo.

"Fungua dirisha," Florent akasema.

"Dirisha inaangalia kwa jikoni ya jirani, Chef."

Florent Twagirayezu alikuwa chef de travaux, yaani mtu wa kusimamia maabara na kazi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho mpaka siku ya défense, siku ya kuzitetea mbele ya watahini, na hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomkera Donatille zaidi, maana mtu mbaya unamchukia ukalala usingizi wako. Huyu alikuwa amekaa miaka miwili ughaibuni akijifunza njia moja ya kazi, akairudisha nyumbani ndani ya daftari, akaibandika ukutani. Kumwambia njia ile haifai Goma ilikuwa sawa na kumwambia baridi yote aliyoila huko aliila bure.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Donatille alitakiwa kutengeneza perovskaiti, na jamaa zake wa karibu: fuwele ndogondogo ambazo ukizimulika kwa mwanga usioonekana kwa macho, zenyewe hujibu kwa mwanga unaoonekana, wa kijani, wa manjano au wa buluu. Ukizipaka juu ya taa ndogo unapata rangi unayoitaka kwa umeme kidogo sana. Katika mji ambao umeme huja kama mgeni na kuondoka bila kuaga, nani angekataa kazi ya namna hiyo? Ila protocole ya Florent ilidai vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kile kimiminika cha kwenye chupa, kinachonuka samaki aliyelala, kinachopenya ngozi ya mkono na kwenda kufanya makao kwenye ini. Cha pili kilikuwa risasi. Kiswahili kina neno moja tu kwa madini yale na kwa kile kinachotoka mdomoni mwa bunduki, na Donatille aliona Kiswahili hakikukosea.

"Na plomb tena, Chef? Masasi ilishatosha mu hii muji."

Florent hakucheka.

Msichana huyu hakuwa mvivu wala mwoga, ingawa wenzake walianza kumsema hivyo. Alikuwa amemwona Mama Philomène. Mama Philomène alikuwa mfanyakazi wa usafi wa maabara, mama wa watoto watano, na kwa miaka sita aliosha vyombo vya kioo kwa mikono mitupu kwa sababu glavu ziliisha na hakuna aliyekumbuka kuagiza nyingine. Mwaka uliopita macho yake yaligeuka manjano. Akalala nyumbani miezi mitatu, akarudi amekonda, akashika tena sponji ileile. Mabaki ya kazi aliagizwa kuyamwaga nyuma ya jengo, katika ufa wa mawe ya volkeno. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema watu. Lakini ufa ule haukuhitaji hata ukuta, ulimeza kila kitu na kunyamaza. Na kila mtu Goma anajua maji yanayomezwa na mawe yale huenda wapi. Huenda ziwani, nako asubuhi akina mama wanashuka na mabidoni kuteka maji.

"Nitafanya kazi," Donatille akasema polepole. "Lakini hii chupa sitaifungua. Kuko njia ingine, ya kusaga. Unatwaa chumvi mbili, unasaga, inatosha. Hakuna solvant, hakuna plomb. Nilikuonyesha ile article."

"Kusaga," Florent akarudia, kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi.

"Ndiyo, Chef. Kusaga."

Wahenga walisema kataa neno, usikatae wito. Donatille alikuwa ameuitikia wito tangu siku ya kwanza. Neno ndilo lililomshinda kumeza. Lakini wakubwa wengi hawajui kutenganisha hivyo viwili. Florent alifungua droo, akatoa ufunguo, akafunga kabati la vifaa: kinu kidogo cha kauri, mizani, vijiko.

"Sheria inakuruhusu kuleta méthode yako mwenyewe," akasema. "Haikuruhusu kuchezea matériel yangu. Lete kile utaleta. Mimi niko mu jury, na nitauliza wa kwanza. Unajua hii ni mara ya tatu."

Alijua. Mara ya kwanza baraza la watahini lilisema kazi haijaiva. Mara ya pili vita viliingia mjini wiki ileile ya défense, ukumbi ukageuka mahali pa kulala watu waliokimbia, na daftari zake zikawasha moto wa uji wa watoto, jambo ambalo hakulinung'unikia. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Atakayeanguka jina lake linafutwa, hata angekuwa amesoma miaka kumi. Donatille alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alichukua mkoba wake, akamsalimu Mama Philomène mlangoni, akaenda zake kwa miguu mpaka nyumbani, Mabanga, akiwa na hasira iliyomfanya asahau kuchoka.

Chumvi zilikuwa zake. Rafiki yake Aurélie, anayesoma ng'ambo ya mpaka, alikuwa amempa vichupa viwili mwezi uliotangulia: kimoja cha chumvi nyeupe ya sesiamu, kingine cha chumvi ya shaba yenye rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Mtu wa forodha aliuliza kama ni chumvi ya kupikia. Donatille alimjibu kwamba akiitia kwenye maharage atajuta, naye akaandika "chumvi" kwenye karatasi yake na kumpisha. Mizani aliazima kwa jirani anayepima dhahabu. Taa alikuwa nayo, ya chombo cha kusafishia maji kilichoachwa na shirika moja baada ya kipindupindu. Mwanga wake huunguza macho, lakini kioo cha kawaida cha dirisha huuzuia. Kwa hiyo alitengeneza kasha la mbao, akalipaka masizi ndani, akaweka taa juu na kipande cha kioo mbele pa kuchungulia. Kilichobaki ni kitu cha kusagia tu.

Na Goma ni mji gani kama si mji wa mawe? Mlima uliuteremshia mawe mpaka watu wakajengea nyumba, kuta, vyoo na makaburi. Donatille aliokota mawili meusi nyuma ya nyumba, moja bapa, moja la kushika mkononi, akayasugua kwa brashi na maji ya moto mpaka yakang'aa. Akapima sehemu mbili za chumvi nyeupe kwa moja ya shaba, akapiga magoti uani, akasaga. Alisaga Alhamisi, akasaga Ijumaa. Kila mara unga ulianza vizuri, kisha ukageuka kijivu kama majivu ya mkaa, na ndani ya kasha ukakaa kimya. Taa iliuangazia, nao ukanyamaza kama mtu aliyeulizwa jina la mwizi.

Jumamosi alisaga huku machozi yakimtoka, na machozi hayo yalikuwa ya hasira. Alimwona Florent kichwani akirudia lile neno, kusaga, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kama yule bwana hakuwa na haki.

"Dona, unafanya nini na hii jiwe?"

Ni mama yake, Nyiramahirwe, aliyekuwa amesimama mlangoni na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, mkononi.

"Ninasaga, mama."

"Unasaga." Mama akaweka sufuria chini, akainama, akachovya kidole kwenye unga na kukisugua na gumba. Alifanya uso wa mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji. "Nani alikuambia mutu anasagaka na jiwe ya Goma? Hii jiwe inajikulaka yenyewe. Ukisaga mahindi, unakula mahindi na jiwe. Meno inalia kri, kri. Kule Masisi hata mutoto anajua."

Donatille akaligeuza jiwe mkononi. Jiwe linajila lenyewe. Bila shaka lilijila. Mawe ya mlima ule yana chuma tele, na chembe kidogo tu ya chuma inatosha kuuzima mwanga wa fuwele hizi. Alikuwa ameyasoma hayo, ameyaandika hata kwenye mtihani. Lakini aliletwa Goma akiwa na miaka miwili, akakulia juu ya mawe meusi, na kwake jiwe ni jiwe. Ni kosa la mtoto wa Goma, na hakuna daftari la ughaibuni ambalo lingemwonya.

"Tena unasaga kavu," mama akaendelea, maana alikuwa ameshaanza. "Ni unga unatafuta ao vumbi? Mutama hausagwake kavu. Unanyunyizia."

"Maji kiasi gani?"

"Vidole tatu. Unachovya, unapiga hivi. Unga ushikane, lakini using'ae. Ukiona unang'aa, ulishaharibu."

Sasa inabidi kusema habari ya jiwe la nyumba ile. Siku Nyiramahirwe alipokimbia milima ya Masisi, alikuwa na mtoto mgongoni na mikono miwili tu. Wenzake walibeba masufuria, blanketi, redio. Yeye alibeba ingasire, lile jiwe la juu ambalo mwanamke hulishika kwa mikono miwili kusagia mtama. Jiwe jeupe la mtoni, gumu, lililokuwa la mama yake na la bibi yake, lenye mabonde mawili mahali vidole vya wanawake watatu vilipolala. Walipofika Lac Vert, watu waliopumzika kando ya barabara walimcheka mpaka wakasahau njaa. Mama, wakamwambia, unakimbia na jiwe kwenda Goma? Yeye akawajibu kwamba mawe ya huko hayajui kazi. Jiwe la chini, urusyo, lilimfuata miaka mitatu baadaye juu ya lori la viazi, kwa hisani ya dereva aliyesimuliwa habari hiyo akacheka mpaka akakubali. Tangu hapo, kila mtama ulipopatikana, mlio wa jiwe lile ndio ulioamsha nyumba.

Donatille alilijua jiwe lile kuliko alivyojua uso wa baba yake. Kwa hiyo aliposimama, alisema ukweli wote kwa mara moja.

"Mama, hizi chumvi si za kula. Nikisaga juu ya ingasire, hautasaga tena mutama pale. Hata nikiosha mara kumi. Itakuwa imekwisha kwa chakula, milele."

Nyiramahirwe aligeuka. Aliingia ndani. Donatille alisikia kitu kizito kikiburutwa, akataka kumwita arudi, amwambie basi, ataifungua ile chupa, mtu mmoja akiugua ini si mwisho wa dunia. Mama akatoka amekumbatia jiwe jeupe kama anavyobebwa mtoto aliyelala.

"Mutama wenyewe uko wapi?" akasema. "Shamba iko kule, na kule hatuendi. Niliibeba ju isaidie mutoto yangu kula. Sasa kama itakusaidia mu njia ingine, ni kazi ileile."

Alipiga magoti, akafagia jiwe la chini kwa kiganja mara ya mwisho, akasogea pembeni. Donatille alipima, akamwaga, akachovya vidole vitatu, akanyunyiza. Walisaga kwa zamu, mama akimrekebisha mabega. Unga ulibaki mweupe. Walipouingiza kwenye kasha na kuwasha taa, ukawaka buluu, buluu safi ya moto wa gesi, mpaka kioo kizima kikajaa rangi. Donatille alikaa chini akacheka peke yake. Mama alichungulia, akasema sombe inapoa.

Siku ya défense urusyo ulisafiri kwa chukudu. Mwenye chukudu, baiskeli ile ya mbao isiyo na kanyagio, aliuliza mara mbili kama kweli jiwe hilo linakwenda shule, na mara ya pili hakungoja jibu. Ingasire mama aliibeba mwenyewe. Mama Philomène aliwafungulia mlango wa nyuma, akasaidia kuliinua jiwe mpaka mbele ya ukumbi, akalitandikia kitambaa safi chini. Kisha hakuondoka. Alikaa mstari wa mwisho na aproni yake, pembeni ya Nyiramahirwe.

Watahini walikuwa watatu, na mwenyekiti wao alikuwa Profesa Béata, mama mfupi mwenye miwani mizito, ambaye wanafunzi walimwogopa kwa sababu hutega sikio na wala hajibu haraka. Florent alikaa kuume kwake. Yeye ndiye aliyekuwa karani wa siku hiyo, karatasi ya kumbukumbu za kikao ilikuwa mbele yake.

Donatille alieleza kazi yake kwa dakika ishirini. Alisema chumvi zilikuwa mbili, maji yalikuwa matone machache, risasi hakuna. Alisema unga hutoa mwanga wa buluu. Alipomaliza Florent alikuwa amekwisha kuinua kalamu.

"Madame la Présidente, tuliomba synthèse, kuunda kitu kipya kwa kemia. Huyu mwanafunzi anatuletea kusaga. Kusaga haiko synthèse. Ni kazi ya jikoni."

"Mu jikoni ya mama yangu, Chef," Donatille akasema, "hakuna mutu alishagonjwa maini."

Hakumtazama Mama Philomène alipolisema. Hakuhitaji, kwa kuwa ukumbi mzima uligeuka kumtazama. Florent alishusha kalamu, masikio yakamwiva.

"Vizuri. Basi asage hapa. Mbele yetu, tuone kama ni science ao ni maneno."

Béata aliitikia kwa kichwa. Donatille alivua viatu, akapiga magoti mbele ya watahini wake kwa suruali yake mpya, na kuna wanafunzi walioficha midomo kwa viganja. Acha wacheke, alijiambia. Lac Vert walicheka pia. Akapima, akamwaga, akashika jiwe, akavuta bakuli la maji kwa haraka kuliko alivyozoea. Alitaka kuchovya vidole vitatu. Bakuli likateleza, maji yakamwagika juu ya unga, mengine yakatiririka ukingoni mwa jiwe mpaka kwenye kitambaa. Hakusimama. Alisaga, akasaga, unga ukang'aa chini ya jiwe, naye aliuona unavyong'aa, na bado akasaga kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Aliukausha kwa kitambaa kikavu alivyoweza, akauingiza kwenye kasha, akawasha.

Ukawaka manjano.

Yalikuwa manjano mazuri, ya yai la kienyeji, lakini ukurasa wa kwanza wa mémoire, tasnifu yake, ulisema buluu, na ukurasa wa mwisho pia. Ukumbi ukaanza kunong'ona. Florent aliegemea kiti. Alikuwa mtu anayependa Kiswahili cha vitabuni akitaka kumaliza mambo, na alikichagua sasa, kwa sauti ya upole kabisa.

"Mademoiselle Nishimwe, Waswahili wana msemo. Maji yamezidi unga."

Watu wakacheka, maana msemo ulikaa pake: mambo yamemshinda msichana wa watu, hakuna la kufanya. Donatille alihisi kicheko kile kikimpanda mgongoni. Mara ya tatu, akawaza. Jina linafutwa.

Kisha sauti ikatoka mstari wa mwisho, haikupaa wala haikuwa na hasira, sauti ya mtu anayeulizwa jambo ambalo jibu lake linajulikana na kila nyumba.

"Sasa, aongeze unga."

Nyiramahirwe alikuwa hata hajasimama. Aliwatazama wale waliogeuka, akaona hawajaelewa, akawahurumia. "Ukipika bugali, maji ikazidi, unaitupa? Unaongeza unga, unasonga. Ndiyo vile."

Wengine walicheka tena. Donatille hakucheka. Alikuwa amegeuka kulitazama jiwe, kitambaa kilicho chini yake, ule unyevu uliosambaa. Maji yamebeba nini? Shaba ile haiyeyuki katika maji. Sesiamu huyeyuka upesi kuliko sukari. Maji yalikuwa yametoroka na chumvi nyeupe, yakaacha shaba nyingi na sesiamu kidogo, na fuwele ya namna hiyo rangi yake ni manjano. Haikuwa imeharibika kitu. Unga ulikuwa umepungukiwa na kitu kimoja tu, na kitu hicho kilikuwa mfukoni mwake.

"Madame la Présidente," akasema, na sauti ilikuwa imerudi, "naomba dakika tano."

"Chukua kumi," Béata akasema.

Aliurudisha unga juu ya jiwe. Akaongeza chumvi nyeupe kidogo, kama mama yake anavyoongeza unga kwenye sufuria, kwa macho, akiwaeleza kila hatua huku akifanya: nini maji yalichoondoa, nini anachorudisha, kwa nini rangi itageuka. Safari hii hakunyunyiza kitu. Alisukuma jiwe kwa uzito wa mabega, vidole vyake vimelala katika yale mabonde mawili.  Mlio wa jiwe ulisikika kila pembe ya ukumbi, hrr, hrr, na katika viti kulikuwa na watu wa Masisi na wa Rutshuru ambao hawakuwa wameusikia tangu walipoacha nyumba zao. Mzee mmoja alivua kofia.

Akaingiza unga, akawasha. Ulianza umechanganyika, madoa ya manjano hapa na pale kama ukungu unaoondoka. Akautoa, akasaga tena, akauingiza. Buluu. Kioo kizima buluu, na miwani ya Profesa Béata, aliyekuwa ameinuka na kuja kuchungulia karibu, nayo ikawa buluu.

"Kwa hiyo kosa lako limetupatia rangi mbili," Béata akasema.

"Ndiyo, Madame. Na zote kwa maji."

"Na taka iko wapi?"

Donatille alikikamua kitambaa ndani ya kichupa, akafunga kizibo, akakiinua. Yalikuwa matone yasiyojaza kijiko. "Ni hii. Nitaikausha, nipate chumvi yangu. Hakuna kitu kinaenda mu mawe huko nyuma."

Béata aligeuka kumtazama Florent, akamwuliza kama ana swali jingine. Florent aliangalia kasha, akaangalia msichana aliyepiga magoti bila viatu. Akatikisa kichwa. 

Watahini walijadiliana chumba cha pili kwa muda wa kutosha kuchemsha chai, wakarudi, na Béata akasoma: amekubaliwa, kwa distinction. Donatille alisikia neno la kwanza tu. Mama Philomène alikuwa akipiga makofi kwa mikono yake iliyochubuka, na Nyiramahirwe alimwuliza kwa sauti ya chini distinction ni kitu gani, na kama kinaliwa.

Ilibaki karatasi. Florent aliandika kwa mwandiko wake safi, akisoma kwa sauti kama sheria inavyotaka: jina la mwanafunzi, tarehe, kichwa cha kazi. Alipofika penye matériel aliandika kinu kwa Kifaransa, akasoma, "Mortier."

"Haiko mortier," Nyiramahirwe akasema.

Alikuwa amefika mbele kuchukua jiwe lake, amelishika kifuani. Hakuna aliyemwalika kusema, lakini siku hiyo mambo ya kualikwa yalikuwa yameshapita. Alimtazama Florent jinsi mwanamke wa makamo anavyomtazama kijana wa kwao.

"Papa Florent, wewe ni mutoto wa Rutshuru. Mama yako alikulisha na nini? Na mortier?"

 Kalamu ya Florent ilisimama juu ya karatasi mpaka ikaacha doa. Kisha akalikata neno la kwanza kwa mstari mmoja, akaandika juu yake *ingasire*, polepole, herufi kwa herufi, na hakumwuliza mtu linaandikwaje.